Muhuri Juu ya Muhuri

Karani wa wizara kule Muscat hamjui msajili wa vizazi na vifo wa Kasulu. Hajapata kuiona saini yake, hajui ofisi yake iko upande gani wa barabara, na hana namna ya kupambanua kama muhuri ulio kwenye cheti ni wa serikali au umechongwa na fundi kwenye kibanda cha steshenari. Kutojua huko si kosa lake. Kosa liko kwenye njia tuliyochagua ya kumjulisha: tumemwachia mwenye cheti azunguke mwenyewe, ofisi hadi ofisi, akikusanya mihuri ya watu wanaojuana, mpaka afike kwa mtu mmoja ambaye karani wa Muscat anamfahamu.

Chukua muuguzi aliyezaliwa na kusomea mkoani Kigoma, akapata kazi kwenye hospitali ya Oman. Cheti chake cha kuzaliwa kinahakikiwa na RITA, wakala wa usajili. Vyeti vya sekondari vina Baraza la Mitihani, stashahada ina chuo na baraza la elimu ya ufundi (NACTVET), leseni ina Baraza la Uuguzi na Ukunga, na cheti cha tabia njema kina Polisi baada ya alama za vidole. Nakala kivuli zinapita kwa wakili aliye kamishna wa viapo. Baada ya hapo ni Wizara ya Mambo ya Nje, ambako afisa hathibitishi kwamba muuguzi amezaliwa wala kwamba amesoma. Anathibitisha kuwa saini iliyotangulia anaitambua. Mwisho ni ubalozi, unaothibitisha kuwa unaitambua saini ya afisa wa Wizara. Angekuwa anakwenda nchi isiyo na ubalozi Dar es Salaam, bahasha ingepanda basi kwenda Nairobi. Na wanaokwenda Umoja wa Falme za Kiarabu wanajua kuwa hata baada ya ubalozi kugonga, wizara ya mambo ya nje ya huko nayo ina muhuri wake wa kuweka juu.

Ukiziondoa ofisi zilizotoa vyeti, hakuna katika msururu huo anayepaswa kujiuliza kama kilichoandikwa ni kweli. Kila mmoja anamtazama aliyemtangulia. Muuguzi analipa ada, nauli na malazi ili watumishi wa umma watambuane saini.

Na hapo bado hatujagusa majina. Ukitaka kujua kwa nini watu wanalala Dar es Salaam wiki nzima kwa karatasi tatu, usitazame foleni, tazama majina. Cheti cha ubatizo kinasema Yohana, cheti cha darasa la saba kinasema Yohane, mwalimu wa sekondari akaandika John, kitambulisho cha taifa cha NIDA kikachukua majina matatu na pasipoti ikafuata NIDA. Mohamedi wa kliniki anakuwa Mohamed shuleni na Muhammad kwa karani wa uhamiaji aliyesoma madrasa. Babu anayetokea kwenye jina la tatu la kitambulisho hayumo kabisa kwenye cheti cha kidato cha nne. Mama aliyeolewa ana jina la mumewe kwenye akaunti ya benki na jina la baba yake kila mahali pengine. Nyumbani hakuna anayeshangaa, kwa sababu mtaa mzima unajua kuwa huyo ni yule yule. Karani wa ng'ambo anaona watu wawili au watatu.

Dawa yake inajulikana: kiapo. Unakwenda kwa kamishna wa viapo, unaapa kuwa Yohana, Yohane na John ni mtu mmoja, unagongewa muhuri, na kiapo hicho nacho kinakuwa hati inayohitaji kuthibitishwa mlolongo mzima. Tofauti ikiwa kubwa, unaandikiwa hati ya kubadili jina na kuisajili. Sheria ya viapo inataka mwapaji awepo mbele ya kamishna. Sote tunajua jinsi inavyofanyika mara nyingi: karatasi inaingia na kijana wa ofisi, inatoka na muhuri, wakili hajamwona mtu wala hajakifungua kile cheti halisi ambacho ameandika kuwa amekiona. Mawakili makini wapo, na wanaudhika sana kuwekwa kapu moja na hao wengine. Lakini balozi hazina namna ya kuwatenganisha, kwa hiyo zinawashuku wote na kuongeza muhuri mwingine.

Kuna na hili la kufunika vyeti kwa plastiki. Mzazi wa Kitanzania akipokea cheti cha mwanawe, jambo la kwanza ni kukikimbiza kikapigwe laminesheni kisiliwe na mchwa wala kunyeshewa. Miaka kumi baadaye anaambiwa dirishani kuwa cheti kilichofunikwa hakigongeki muhuri wala karatasi yake haiwezi kukaguliwa, aombe kingine. Sijawahi kuona tangazo la ofisi yoyote ya elimu likimwonya mapema.

Mahali penye madirisha mengi na maelezo machache ndipo vishoka huweka kambi. Wanajua fomu ipi imebadilika, ubalozi upi haupokei Ijumaa, na nani yuko likizo. Baadhi wanafanya kazi ya halali kabisa ya kumsimamia mtu wa mbali asiyeweza kukaa mjini. Wengine watakuuliza, kwa sauti ya chini, kama unataka muhuri au unataka muhuri wa kweli. Bei ni tofauti. Mwanya huo umefunguliwa na serikali yenyewe, kwa kumfanya raia awe tarishi kati ya idara zake.

Dunia iliuona usumbufu huu zamani. Tarehe 5 Oktoba 1961, katika Mkutano wa The Hague wa Sheria Binafsi za Kimataifa, nchi zilikubaliana mkataba wa kufuta mlolongo wa mihuri ya balozi. Ulianza kufanya kazi Januari 1965. Badala ya msururu wote, nchi iliyotoa hati inabandika cheti kimoja kiitwacho apostili: mraba wenye pande zisizopungua sentimita 9, vipengele kumi vyenye namba, na kichwa cha habari ambacho mkataba unalazimisha kiandikwe kwa Kifaransa hata kama apostili imetolewa Lilongwe. Nchi yoyote mwanachama inapaswa kukipokea bila kudai muhuri wa ubalozi wake.

Nchi zaidi ya 120 zimo sasa. Oman iliingia mwaka 2012. Saudi Arabia, iliyokuwa na sifa ya kudai mihuri mingi, iliingia Desemba 2022. China ilianza kutumia mkataba Novemba 2023 na Kanada Januari 2024. India ilikuwamo tangu 2005, na Afrika Kusini tangu 1995. Majirani zetu? Malawi imo tangu 1967. Burundi iliingia Februari 2015. Rwanda ilifuata Juni 2024. Tanzania haimo. Kenya na Uganda nazo hazimo, jambo ambalo wakubwa wetu hupenda kulitumia kama kinga, kana kwamba kuchelewa pamoja ni sera.

Maana yake kwa yule muuguzi wa Kigoma ni hii. Mwenzake wa ng'ambo ya mpaka, kule Burundi, ambaye labda wanasikilizana lugha na kuuziana vitenge sokoni Manyovu, anahitaji apostili moja kwenye kila hati ili itumike Oman. Huyu wetu lazima asafiri hadi Bahari ya Hindi. Tunajivunia kuwa na uchumi mkubwa kuliko Burundi mara nyingi, na bandari, na reli ya kisasa, lakini kwa karatasi Mrundi ametutangulia kwa zaidi ya miaka kumi.

Rai yangu ni kwamba tujiunge, na tujiunge bila kuunda kamati ya kuchunguza kama kuna haja. Lakini nataka tujiunge kwa sababu iliyo sahihi, maana ipo sababu isiyo sahihi inayovutia zaidi: kuamini kwamba apostili ni muhuri wenye nguvu kuliko mihuri mingine. Sivyo. Ibara ya 5 ya mkataba iko wazi: apostili inathibitisha saini, wadhifa wa aliyesaini na muhuri uliopo. Haithibitishi maneno. Cheti cha shahada ya udaktari kilichonunuliwa kwa ofisa halali mwenye njaa kitapata apostili safi.

Ujerumani inalijua hilo. Mkataba unaruhusu mwanachama kumpinga anayeingia baadaye, na Ujerumani imezipinga India, Ufilipino na Burundi, miongoni mwa nyingine, kwa hiyo apostili ya Bujumbura haifui dafu Berlin. Tena kuna nchi, zikiwemo Nigeria, Ghana na Kenya, ambazo balozi za Ujerumani ziliacha kabisa kuthibitisha mihuri yao. Badala yake, ofisi ya Kijerumani inayotaka kujua ukweli wa cheti huomba ubalozi ufanye uchunguzi: mtu aliyeaminiwa anatumwa hospitali, shule, hata kwa majirani, kuuliza kama kweli fulani alizaliwa pale na kuolewa pale. Gharama humwangukia mwombaji na miezi hupita. Unaweza kuliita dharau, na mara nyingine lina harufu hiyo. Hata hivyo hoja yao ni nzito: wameacha kuuliza kama muhuri ni wa kweli, wanauliza kama daftari ni la kweli.

Sisi wenyewe tulifika kwenye hoja hiyo hiyo Aprili 2017, ingawa hatukuimalizia. Ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Watu walijadili miezi mingi haki na dhuluma ya kuwafukuza. Mimi kilichonikaa akilini ni namna walivyopatikana. Wengi wao walikuwa wameajiriwa na vyeti vyenye mihuri, nakala zilizothibitishwa, barua za utambulisho, kila kitu. Mihuri yote hiyo haikuwanasa. Walinaswa pale Baraza la Mitihani lilipolinganisha cheti na kumbukumbu zake. Na ripoti hiyo hiyo ilitaja vyeti 1,538 vilivyokuwa vikitumiwa na mtu zaidi ya mmoja. Hapo cheti chenyewe chaweza kuwa halali, muhuri halali, saini halali. Mtu ndiye siye. Ungekipitisha katika balozi zote za Upanga na Oysterbay, kingetoka na mihuri mizuri tu.

Wazee wa pwani walikuwa na utaratibu wenye mantiki zaidi. Hati ya kuuza shamba la karafuu Unguja, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ilimalizika kwa majina ya mashahidi, na mwenye shaka alijua awaendee akina nani. Nguvu ya hati ilikuwa kwamba inaweza kuulizwa. Muhuri wetu wa leo hauulizwi kitu. Ukiwa na shaka nao, unachoweza kufanya ni kudai mwingine.

Sehemu ya mkataba wa The Hague inayonivutia kuliko zote ni ile isiyosemwa sana, ibara ya 7. Inailazimu kila ofisi inayotoa apostili kutunza rejista ya kila iliyotoa, namba na tarehe, na kumjibu yeyote mwenye haja anayetaka kuhakiki. Tangu mwaka 2006 kuna mpango wa kuziweka rejista hizo kwenye intaneti, na nchi nyingi zimefanya hivyo: karani wa Muscat anaandika namba na tarehe ya apostili kwenye tovuti, anaona kama ilitolewa kweli. Kwa lugha ya wazee wetu, shahidi anapatikana.

Kitu hiki hatuna sababu ya kukiogopa. Baraza la Mitihani tayari linaweka matokeo kwenye tovuti kwa namba ya mtahiniwa, na hupokea maombi ya uhakiki. RITA wanahakiki vyeti vya kuzaliwa kwa maelfu ya waombaji wa mikopo ya elimu ya juu kila mwaka, kwa mtandao, na mwombaji analipa kwa kontrol namba bila kutoka alipo. Kama Bodi ya Mikopo inaridhika na jibu hilo, kwa nini mwenye kwenda Uturuki aanze upya kwa miguu?

Jibu la kweli ni kwamba daftari lenyewe lina matundu. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa watu wenye vyeti vya kuzaliwa Tanzania Bara walikuwa kama asilimia 13 tu. Kazi kubwa imefanyika tangu hapo, hasa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, lakini wanaoomba visa leo ni watu wazima, wengi wao waliosajiliwa wakiwa na miaka ishirini na kitu kwa ushahidi wa cheti cha ubatizo au barua ya mtendaji. Ofisa wa ubalozi akiona mtu aliyezaliwa 1996 amesajiliwa 2019, wiki mbili kabla ya kuomba pasipoti, anakunja uso. Wakati mwingine ana haki. Mara nyingi mbele yake yupo mtu wa kawaida ambaye hakuna aliyewahi kumwomba cheti cha kuzaliwa hadi siku hiyo.

Kwa hiyo kujiunga na mkataba bila kulishughulikia daftari kutatupa apostili ambazo Berlin itazikataa. Kulishughulikia daftari bila kujiunga kutatuacha na rejista nzuri na foleni ile ile Dar es Salaam. Vyote viwili vinahitajika, na cha kwanza ni cha haraka na rahisi zaidi.

Tukijiunga, tusikosee kwenye jambo moja: nani atatoa apostili. Mkataba unaiachia nchi ijichagulie ofisi, hata zikiwa nyingi. Marekani kila jimbo linatoa zake. Afrika Kusini, wasajili wa Mahakama Kuu wanatoa sambamba na wizara. Silika yetu itakuwa kuiweka meza moja Dodoma, Mtumba, halafu nyingine Dar es Salaam kwa ukarimu, na kuita hayo mageuzi. Muuguzi wa Kigoma atakuwa amepunguziwa ubalozi tu, nauli itabaki pale pale. Ofisi za makatibu tawala wa mikoa zipo, zina mihuri, zina wanasheria, na zinaweza kutumiwa sampuli za saini za wasajili walio chini yao. Hizo ndizo zipewe kazi hiyo. Wizara ibaki na hati za kitaifa na usimamizi wa rejista.

Zanzibar inahitaji kifungu chake. Mambo ya nje ni ya Muungano, usajili wa vizazi si wa Muungano, na Zanzibar ina wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii. Isitokee Mpemba mwenye cheti kilichotolewa Chake Chake akavushwa bahari kwenda kuthibitishiwa na mtu ambaye hajawahi kuiona saini ya msajili wa Pemba. Tumeshayaona haya kwenye mambo mengine.

Wapo watakaouliza kuhusu mapato. Mkataba haukatazi ada. India inatoza rupia 50 kwa hati, fedha isiyotosha hata mlo wa maana mjini Mumbai, na wapo wanaotoza zaidi sana. Fedha tutakayoipoteza ni ile inayokwenda kwenye madirisha ya balozi za watu, ambayo haikuwa yetu hata siku moja. Watakaopoteza kweli ni vishoka, na sidhani kama Bungeni wana mtetezi, ingawa siapi.

Wengine watasema mkataba huu hautatusaidia Dubai wala Doha, kwa kuwa Falme za Kiarabu na Qatar hazimo. Ni kweli, na hao wataendelea na mlolongo wao. Lakini Muscat, Riyadh, Istanbul, Guangzhou na Delhi zimo, na huko wanakwenda wanafunzi na wafanyakazi wetu wengi.

Ndani ya Afrika Mashariki ningependa twende mbali zaidi ya apostili. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2019, hazidaiani hata hiyo apostili kwa vyeti vya kuzaliwa, ndoa, vifo na kumbukumbu za jinai. Sisi marais wetu walitangaza Mei 2017 kuwa Jumuiya ni eneo moja la elimu ya juu, na Itifaki ya Soko la Pamoja inafanya kazi tangu Julai 2010. Halafu mhitimu wa Makerere anayeomba kazi Mwanza anazungushwa na cheti chake kama vile kimetoka Peru. Chuo hicho na kile cha Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja hadi mwaka 1970.

Kuna kundi moja ambalo hata apostili hailifikii. Wakimbizi wa Kikongo na Kirundi walioko kambi ya Nyarugusu hawawezi kurudi kwa msajili waliyemkimbia kuomba nakala ya cheti. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 25, unasema nchi iliyowapokea iwape hati za kushika nafasi ya zile ambazo kwao wangezipata. Tanzania imo katika mkataba huo. Kijana aliyezaliwa kambini, akasoma kambini, akapata nafasi ya masomo Kanada, karatasi zake zote ni jukumu letu kuzisaini, na sampuli za saini za hao watakaosaini zinapaswa kuwamo miongoni mwa zile watakazotumiwa watoa apostili.

Utaratibu wenyewe si mrefu. Bunge linaridhia kwa mujibu wa ibara ya 63(3)(e) ya Katiba. Hati ya kujiunga inawekwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uholanzi, ambayo ndiyo mtunzaji wa mkataba. Wanachama wanapewa miezi sita ya kupinga, zinaongezwa siku 60, na mkataba unaanza kufanya kazi kwa wote ambao hawakupinga. Ukiridhiwa kwenye mkutano wa bajeti na hati isilazwe juu ya meza ya mtu, miezi minane au tisa inatosha. Ni muda wa kutosha pia kukusanya sampuli za saini za wasajili wa wilaya zote, kujenga rejista ya mtandaoni, na kuwaambia walimu wakuu kwamba vyeti havipigwi laminesheni.